Kisomo Kinapofika Dikoni

Dikoni Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, kamba hawauzwi kwa kukisia. Mzani unaonyesha kilo, mnunuzi anaandika daftarini, malipo yanaingia kwenye simu. Mvuvi asiyejua kusoma humtegemea mwenye daftari awe mwaminifu; ujumbe wa pesa husomewa na mjukuu, ambaye mara nyingine anaijua hata namba ya siri.

Si kwamba wazee wa pwani hawakusoma kabisa. Wengi walipita chuo cha Kurani na kuzijua herufi za Kiarabu. Lakini leseni ya uvuvi, risiti na mabango ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyoanzishwa mwaka 2005, yote ni kwa herufi nyingine.

Tanzania iliwahi kulivalia njuga suala hili. Mwaka 1968 mradi wa UNESCO ulianzia Mwanza kufundisha kusoma kupitia pamba, migomba na uvuvi, yaani kazi ya msomaji mwenyewe. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata Mafia na Ukerewe zikawa miongoni mwa wilaya za kwanza katika kampeni ya kufuta ujinga. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Wasiojua kusoma, waliokuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, walishuka chini ya asilimia 10 kufikia 1986.

Kisha uchumi ukayumba. Vitabu vikaadimika, posho za walimu wa kujitolea zikakauka, na waliohitimu wakakosa cha kusoma. Sensa ya 2002 ilikuta kama watu wazima 7 tu kati ya 10 wanajua kusoma na kuandika.

Miaka ya 1990 ukaja mpango wa elimu ya watu wazima uitwao MUKEJA, ambao wanakisomo wenyewe huchagua shughuli ya kuanzia. Kwa Saadani, hiyo ingeweza kuwa mzani, mashamba ya chumvi au daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Ratiba nayo ingefuata bahari: wakati wa bamvua wavuvi wako kazini, hivyo darasa la saa kumi jioni kila siku lingebaki na viti vitupu. Mafanikio yangepimwa kwa jambo dogo: mwanachama anafungua ukurasa wake, anajumlisha akiba na kumwonyesha mweka hazina palipokosewa.