Nikoboe au Dona? Nguvu za Misuli Tunazowaachia Kuku

Kwenye mashine za kusaga za Mpanda, ukishatua debe lako la mahindi unaulizwa swali moja fupi: "Nikoboe, au dona?" Wengi wetu hujibu "koboa" bila kuwaza mara mbili. Mahindi yanaingia, yanatoka meupe ya kupendeza, na pembeni pumba inajaa kwenye kiroba. Unga unakwenda jikoni, pumba inakwenda kwa kuku. Katika dakika hizo chache, sehemu kubwa ya madini ambayo misuli yetu huyategemea imeshaondoka kwenye sahani.

Madini hayo ni magnesiamu. Mwili mzima wa mtu mzima una takribani gramu 25 tu, kama vijiko sita vya chai vya sukari. Zaidi ya nusu imo kwenye mifupa, na nyingi ya iliyobaki imo ndani ya misuli na nyama nyingine za mwili. Inayozunguka kwenye damu haifiki hata asilimia 1, na ndiyo maana kipimo cha damu kinaweza kusomeka vizuri ilhali akiba ya mwilini inapungua.

Ili kuona kazi yake, mtazame kijana anayepakia magunia ya mahindi kwenye lori. Kila anapoinuka na mzigo, misuli yake inachoma nishati iliyofungwa ndani ya molekuli iitwayo ATP. Molekuli hiyo ni lazima ishikane kwanza na magnesiamu ndipo vimeng'enya viweze kuitumia. Kalsiamu ndiyo inayoutaka msuli ukaze, na magnesiamu husaidia kuizuia isipite kiasi, ili msuli ulegee na kujiandaa kwa gunia linalofuata.

Usiku kijana akilala, kazi nyingine inaanza. Nyuzi za misuli zilizochoka zinakarabatiwa na kunenepeshwa kwa protini mpya. Protini hiyo inaungwa ndani ya viwanda vidogo mno viitwavyo ribosomu, na magnesiamu ni mojawapo ya vitu vinavyovishikilia visisambaratike. Kwa jumla, vimeng'enya zaidi ya 300 mwilini vinaitegemea.

Je, ukiongeza magnesiamu misuli itakua? Mwaka 1992 watafiti wawili wa Marekani, Brilla na Haley, waliwafanyisha mazoezi ya nguvu vijana 26 ambao hawakuwa wameyazoea. Baada ya wiki 7, waliokuwa wakiongezewa magnesiamu walikuwa wamepata nguvu zaidi za mapaja kuliko wenzao. Ni utafiti mdogo, na haumaanishi kwamba kidonge ni mbadala wa jasho. Anayepungukiwa hufaidika akijaziwa pengo lake, lakini aliyetosheka hatarajiwi kujaza kifua kwa vidonge. Hata kwa wazee wanaosumbuliwa na misuli kukakamaa usiku, mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2020 yaliona kwamba vidonge vya magnesiamu haviwasaidii kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo kijana anayenyanyua makopo mawili ya saruji yaliyounganishwa kwa bomba nyuma ya nyumba yao, kabla hajatoa fedha kununua chupa yenye picha ya mtu mwenye misuli, aangalie kwanza sufuria ya nyumbani.

Vipimo vinavyotumika Marekani vinampendekezea mwanamume mzima miligramu 400 hadi 420 kwa siku, na mwanamke 310 hadi 320. Gramu 100 za unga wa mahindi yasiyokobolewa huwa na takribani miligramu 100 au zaidi. Mahindi yakiondolewa ganda na kiini chote, hubaki kama 35. Mtu anayekula gramu 300 za unga kwa siku atapata kama miligramu 300 kwenye dona, na kama 100 tu kwenye unga mweupe kabisa. Mchele nao una hadithi hiyohiyo: kadiri unavyokobolewa ukang'aa, ndivyo magnesiamu inavyoondoka.

Mkoa wetu wa Katavi haukunyimwa vyakula vya kuziba pengo. Karanga zina takribani miligramu 170 kwa kila gramu 100, na ufuta kama mara mbili ya hizo. Mbegu za maboga ndizo tajiri zaidi: konzi moja ya zilizomenywa, gramu 28 hivi, huwa na kama miligramu 150. Ongeza maharage, mchicha na matembele. Hata Ziwa Tanganyika, linalopakana na Karema na Ikola, lina maji yenye magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu: kama miligramu 40 kwa lita. Tahadhari ni moja: maji ya ziwani yatibiwe kabla ya kunywewa.

Ukitaka kuiona magnesiamu ikifanya kazi, chemsha matembele kwenye sufuria mbili na kwenye moja kamulia ndimu. Baada ya dakika chache, majani yenye ndimu yatageuka kahawia, kama jani la tumbaku linaloanza kukauka. Klorofili, ile rangi ya kijani, hubeba chembe moja ya magnesiamu katikati yake. Asidi ya ndimu inaing'oa chembe hiyo, na ukijani unaondoka nayo. Chembe haijapotea, imo kwenye maji. Basi usiyamwage maji uliyochemshia mboga, yageuze mchuzi.

Dona ina masharti yake. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kausha mahindi vizuri, chagua punje zilizoota ukungu uzitupe, na karanga uzifanyie vivyo hivyo. Ganda pia lina fitati, inayozuia sehemu ya madini isifyonzwe. Kuloweka na kuchachusha, kama tunavyofanya kwenye togwa, huipunguza. Mwenye ugonjwa wa figo asimeze vidonge vya magnesiamu bila kumwona daktari, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa ziada. Hata mwenye afya akizidisha vidonge ataishia kuharisha.

Watoto wakiikataa dona, changanya nusu kwa nusu na sembe, kisha punguza sembe polepole. Kando yake weka maharage au dagaa kwa ajili ya protini, na kachumbari yenye karanga au mbegu za maboga za kukaanga. Safari ijayo ukitua debe lako pale mashineni, mwenye mashine atakuuliza swali lilelile. Mjibu: "Dona." Kuku watatafutiwa kingine.