Goma: usitupe kipande cha buji

Kila mara umeme unakatika hapa Goma, asubuhi tunakuta juu ya meza vitu vilevile: kiberiti, kopo ya sardini, na kipande cha buji kilichoganda kama ulimi. Wengi wanakikwangua na kisu na kukitupa inje. Sisi tunaona ni hasara. Buji inanunuliwa na pesa, na mwisho wa Januari 2025, wakati vita viliingia mujini na umeme ukapotea, kipande kama hicho kilikuwa mwangaza wa nyumba nzima.

Buji ya duka ni parafini, inatoka katika mafuta ya petroli. Haiozi, maji hayaiharibu, na moto mudogo unatosha kuiyeyusha. Kwa hiyo hata kipande cha miaka mbili kingali na kazi.

Kazi yenye maana zaidi kwetu ni kuwasha makala. Nani hajaona mama anachoma sashe ili mbabula ishike? Dekre ya serikali ya Desemba 2017 ilikataza sashe, lakini ziko bado, na moshi yake nyeusi inaingia kwa sufuria na kwa kifua cha mutoto anayebebwa mugongoni. Fanya hivi: kamata ile karatasi ngumu ya kupangia mayai, jaza kila kishimo unga wa mbao (fundi wa Majengo ao wa Birere atakupa bure, tena atashukuru), kisha mwanga nta juu yake. Ikishaganda, kata kishimo kimoja kimoja. Unaweka kimoja chini ya makala, unawasha pembeni ya karatasi, unangoja. Hakuna harufu ya plastiki.

Sasa tusikilizane juu ya kuyeyusha, maana hapa ndipo watu wanaungua. Usiweke kopo ya nta moja kwa moja juu ya makala. Ikipata moto sana inatoa mvuke, na mvuke huo unawaka ghafla. Tia maji katika sufuria, simamisha kopo ya nta ndani ya maji hayo. Vile maji yanachemka, nta inayeyuka polepole. Nta ikishika moto, funika na kifuniko na uitoe jikoni ikisha kupoa. Maji kamwe! Ukimwanga maji, yanageuka mvuke mara moja na kurusha nta inayowaka kila upande. Katika muji huu wa nyumba za mbao, zilizosimama ukuta kwa ukuta juu ya mawe ya volkano, kosa moja linaweza kumaliza avenue nzima. Fanyia inje, watoto wakae mbali.

Kwa sababu ileile, kama unatengeneza buji mupya, usitafute kuifanya ndefu na nzuri kama ya duka. Imwange ndani ya kopo ndogo ya nyanya na uiache humo. Buji ndefu inaanguka juu ya godoro. Ya kopo inabaki ndani ya kopo. Utambi uwe wa pamba, nyuzi tatu zilizosukwa na kuchovywa kwanza katika nta. Uzi wa nailoni unayeyuka tu, hauleti mwangaza.

Kuna matumizi madogo pia. Fundi anapaka nta kwa musumeno ili usikwame, ao kwa skuru kabla ya kuiingiza katika mbao ngumu. Zipu ya koti iliyokataa, droo inayolia, ni dawa ileile. Chukudu? Hapana. Chombo kinachobeba kilo mia kadhaa kinataka grisi, buji ni muchezo kwake.

Vipande vyako weka katika kopo yenye kifuniko. Panya wanavipenda kabisa.