Seva yenye nyaya mbili Juba

Kwa miaka mingi ofisi za Juba zilifika kwenye intaneti kwa dishi la setilaiti. Setilaiti za aina hiyo ya zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, na mtumiaji hungoja nusu sekunde au zaidi, hata akilipia kifurushi kikubwa namna gani. Kisha, mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, kampuni ya Liquid Telecom ikaufikisha mkongo wa faiba Juba kupitia Nimule, mpakani na Uganda. Kutoka huko safari huendelea hadi Kenya na pwani ya Mombasa, zinapotua nyaya za baharini kama SEACOM na TEAMS.

Waliolibakiza dishi baada ya faiba kufika walifanya vyema. Mkongo unaosafiri mbali hivyo juu ya nchi kavu unaweza kukatwa na katapila moja tu la barabara, na hospitali au benki haiwezi kungoja mafundi wafike porini. Kwa hiyo utaikuta seva ina nyaya mbili nyuma yake, mmoja wa faiba na mwingine wa dishi. Fundi huchomeka, taa zinawaka kijani, kazi inahesabiwa imekwisha. Hapo ndipo shida inapoanza.

Tuseme seva ya Linux ina kiolesura eth0 upande wa faiba, chenye anwani 203.0.113.10, na eth1 upande wa dishi, chenye 198.51.100.10. Kwa kawaida mfumo wa uendeshaji hutumia jedwali moja kuu la njia, na ndani yake lango kuu linalotumika ni moja: hapa, la faiba. Mfanyakazi aliyeko Yei anaiomba seva kupitia anwani ya dishi. Pakiti yake inaingia eth1. Seva inatayarisha jibu, inatazama jedwali lake, inaona kwamba njia ya kwenda nje ni faiba, na inalitoa jibu kwa eth0 likiwa bado na anwani ya dishi. Ni kama mgeni aliyebisha mlango wa mbele kisha akaitikiwa kutoka uani. Ruta za kampuni ya faiba zikiona anwani isiyo yao hulitupa jibu hilo, na zina haki: ukaguzi huo wa anwani za bandia umependekezwa kwa watoa huduma wote tangu mwaka 2000.

Wakati mwingine pakiti haifiki hata hatua ya kujibiwa. Linux ina kichujio kiitwacho rp_filter. Kikiwekwa 1, kila pakiti inayoingia huulizwa: je, ningekujibu, ningepitia mlango huu huu? Kama sivyo, inatupwa kimya kimya. Mifumo mingine huja na thamani hiyo tayari. Fundi atakagua ngome ya moto siku nzima asione kosa, kwa sababu kosa haliko huko. Kwa seva ya njia mbili, weka 2.

Dawa yenyewe ni fupi. Kila njia ipewe jedwali lake, kisha kuwe na sheria inayochagua jedwali kwa kutazama anwani inayotuma:

ip route add default via 203.0.113.1 dev eth0 table 101
ip rule add from 203.0.113.10 table 101
ip route add default via 198.51.100.1 dev eth1 table 102
ip rule add from 198.51.100.10 table 102

Ongeza pia njia ya mtandao wa ndani wa ofisi katika kila jedwali, la sivyo kompyuta za hapo hapo zinazoiita seva kwa anwani hizi zitajibiwa kwa kuzungushwa nje. Kwa FreeBSD, kichujio cha pf kina agizo la reply-to linalofanya kazi hiyo hiyo.

Mtego mwingine ni ruta mbili za kampuni tofauti zilizokuja na mtandao mmoja, mara nyingi 192.168.1.0. Violesura viwili katika mtandao mmoja huchanganya mambo: Linux inaweza kujibu ulizo la anwani ya eth0 kwa jina la eth1. Badilisha namba za ruta moja kabla ya kitu kingine chochote. Na kama dishi lako ni la setilaiti za chini, kama Starlink, chunguza anwani uliyopewa. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, unagawana anwani ya umma na wateja wengine. Itakufaa kwenda nje, lakini mtu wa nje hawezi kuingia moja kwa moja.

Kuhusu kuhama njia moja ikikatika, usiziamini taa. Faiba ikikatika njiani kwenda Nimule, ruta ya ofisini bado ina umeme, eth0 bado iko hai, na lango kuu linabaki pale pale huku pakiti zikipotea. Inahitajika programu ndogo inayopima mbali, kwa mfano ping -I 203.0.113.10 8.8.8.8 kila baada ya sekunde chache. Majibu yakikosekana mfululizo, ihamishe lango kuu kwa dishi. Seva ya majina nayo isiwe ya kampuni ya faiba pekee, maana nyingi hukataa wateja wasio wao, na utaambiwa intaneti imekufa wakati dishi ni zima.

Maagizo ya ip hukaa kwenye kumbukumbu tu, na jenereta ikizimika usiku yanafutika yote. Yaandike kwenye netplan kama ni Ubuntu, au /etc/network/interfaces kama ni Debian. Kisha izime seva na kuiwasha, uchomoe waya wa faiba unaoingia kwenye ruta mchana wa kazi watu wakiwepo, na uombe aliye nje ya Juba aingie kwa anwani ya dishi. Usisaini hati ya makabidhiano kabla hajaingia.