Nani Ashike Mizani, Nani Ashike Daftari



Wakati wa kuchagua kamati za matawi umekaribia tena, na barua zenu tunazo mezani. Nyingi zauliza jambo moja: kwa nini kamati ya watu tisa hufanya kazi ya watu wawili? Wengine wamelalamika kwa uwazi zaidi. Katika tawi moja, ambalo hatulitaji, msimu uliopita mtu mmoja ndiye aliyeshika mizani ya chama, ndiye aliyeandika daftari, na ndiye aliyekaa na fedha za magunia na majamvi. Hapana aliyethibitisha kwamba amekula hata senti. Lakini hapana vile vile aliyeweza kuthibitisha kwamba hakula, na yeye mwenyewe hakuweza, na huo ndio msiba wake. Baadhi ya wanachama wameacha kulipa ada, na yule bwana, aliyejitolea bila ya ujira wowote, sasa hupita njia ya nyuma akienda msikitini.

Tungeweza kuzichapa tena kanuni za chama, ambazo kila mmoja wenu anazo na wachache wamezisoma. Tumeona bora tuwape khabari ya watu wengine, waliojikuta mbali na kwao, bwana wao amekufa, hapana wa kuwalipa wala wa kuwaamrisha, na mbele yao kazi nzito isiyoweza kufanywa na mtu mmoja. Ni khabari ya njia ya Tabora, na mwisho wake ulifika hapa hapa Unguja.

Njia hiyo wazee wetu waliijua vizuri. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikakata pori la Mgunda Mkali lisilokuwa na maji, ikafika Unyanyembe, kisha Ujiji. Tabora, ambayo Burton na Speke waliifikia mwezi wa Novemba 1857 na kuiandika kwa jina la Kaze, ilikuwa njia panda: huku Ujiji, huku Karagwe na Buganda, huku pwani. Reli haikufika huko mpaka mwaka 1912. Kabla ya hapo kila kitu kilikwenda kwa mabega ya watu, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70. Frasila hiyo ndiyo ile ile waliyopimia karafuu babu zetu.

Twasema wazi kwamba njia hiyo ilipitisha pia watumwa, na kwamba mashamba ya visiwa hivi yalilimwa na watumwa mpaka ilipotoka amri ya mwaka 1897. Watu hao hawakujitolea, wala hatuwatii katika mfano wetu. Mfano wetu ni wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliochukua mizigo kwa ujira, na ambao walikuwa na misafara yao wenyewe ya kuja pwani kabla ya Waarabu kujenga Tabora. Baada ya utumwa kuondolewa, wengi wa Wanyamwezi walivuka bahari wakaja kupalilia mikarafuu yetu. Basi si wageni kwetu.

Msafara wa Kinyamwezi ulikuwa na watu mia, pengine zaidi, na kila mmoja alijua lake. Mbele alikwenda kirangozi. Alivaa nguo nyekundu na kilemba cha manyoya, na mzigo wake mara nyingi ulikuwa mwepesi kuliko ya wenzake, maana kazi yake ilikuwa njia. Penye njia panda aliiziba njia isiyopitwa kwa matawi, au aliipiga mstari, ili walio nyuma wasipotee. Burton ameandika kwamba mtu aliyemtangulia kirangozi alinyang'anywa mshale mmoja katika podo lake, akarudishiwa jioni baada ya kujulikana ni nani na kutozwa faini. Adhabu ndogo, lakini ilitosha. Jioni kirangozi huyo huyo aliwahutubia watu juu ya safari ya kesho: mwendo gani, maji yako wapi, khatari ipi.

Walakini kirangozi hakugawa posho, wala hakuhukumu ugomvi. Hayo yalikuwa ya wanyapara. Neno hilo ni la Kinyamwezi, maana yake wazee au wakubwa wa watu, nasi tumelichukua mpaka tukaliharibu, kwani leo mtu akiambiwa mnyapara hufikiri habari za fimbo. Na chini ya wanyapara palikuwa na kambi, yaani vikundi vya watu kama watano mpaka kumi waliokula chungu kimoja na kulala kibanda kimoja. Mizigo ikishatuliwa, hapakuwa na kungoja amri: huyu kuni, huyu maji, hawa miti na majani ya kujengea, huyu jikoni. Asiyeleta kuni wenzake walimwona siku hiyo hiyo, maana chungu hakikuchemka. Sisi twaona hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Katika kikundi cha watu saba uvivu hauna pa kujificha.

Sasa tuje kwenye khabari tuliyoahidi.

Mwaka 1872 Dokta Livingstone, yule Mskoti mhubiri na msafiri, alikuwa Kwihara karibu na Tabora akingoja watu. Stanley alikuwa amerudi pwani, naye akamtumia wapagazi na askari 57, waliofika mwezi wa Agosti. Tarehe 25 ya mwezi huo wakaondoka kwenda kusini. Wengi hawakujuana kabla. Walikuwamo Susi na Chuma, waliokuwa naye katika safari hiyo tangu 1866. Walikuwamo vijana waliosomeshwa katika skuli ya Nasik huko Bara Hindi, kama Jacob Wainwright na Matthew Wellington. Walikuwamo watu wa pwani na wa bara, Waislamu na Wakristo, na wanawake pia, kama Halima aliyekuwa mpishi.

Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Livingstone akafa usiku. Fikirini hali yao. Pwani iko zaidi ya maili elfu. Mwenye mali na mwenye kulipa hayupo tena. Wangeweza kugawana nguo na shanga na kila mtu akashika njia yake, na hapana ambaye angewafuata.

Walifanya mkutano. Wale wengine wakawaambia Susi na Chuma kwamba wao ni wazoefu wa safari na taabu, basi wawe wakubwa wao, nao watawatii. Kwa hiyo wakubwa walitokana na watu wenyewe, tena baada ya haja kujulikana. Kisha kazi ya kwanza kabisa haikuwa ya maiti, ilikuwa ya mali. Makasha yalifunguliwa mbele ya watu wote, makusudi ili wote wawe na dhamana sawa, na Jacob Wainwright, kwa kuwa alijua kuandika, akaitwa aandike kila kilichomo. Wakubwa walisimamia, mwenye kalamu aliandika, na watu wote walitazama. Wangapi katika matawi yetu wanaweza kusema kwamba ghala lao lilifunguliwa namna hiyo msimu ulipoanza?

Kisha wakakata shauri kwamba maiti itachukuliwa mpaka pwani. Hilo liliamuliwa na wote. Lakini kulitenda waliliacha kwa mwenye kulijua. Palikuwa na mtu jina lake Farijala, aliyewahi kuwa mtumishi wa daktari Unguja na kuona jinsi maiti inavyopasuliwa. Huyo ndiye aliyepewa kazi, na Carras akawa msaidizi wake. Matumbo na moyo vikazikwa chini ya mti, Jacob akasoma dua ya kizungu, kisha akachonga maandishi katika gome la mti huo. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, ukigeuzwa kila siku, ndani ya boma walilolijenga wenyewe mbali kidogo na kijiji. Baadaye ukafungwa katika nguo na gome la mti, ukazungushiwa turubai, ukatiwa mtini ili uchukuliwe na watu wawili. Mtemi Chitambo naye alipewa sehemu yake: aliombwa asafishe majani kuuzunguka ule mti, moto wa porini usije ukauunguza.

Hatusemi mambo yalikwenda sawa njia nzima. Siku za mwanzo wengi waliugua, hata msafara ukasimama. Na mahali pamoja walipigana na wenyeji, jambo ambalo kwa maoni yetu lingeweza kuepukwa. Lakini mgawanyo wao haukuvunjika.

Walipokaribia Unyanyembe, mwezi wa Oktoba 1873, walisikia kwamba wako Wazungu huko. Jacob aliandika barua, na Chuma akatangulia kuipeleka. Akamkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike Tabora pale pale, maana njia ya mbele ni mbaya na watu hawapendi maiti kupita katika nchi yao. Ushauri huo haukuwa wa kijinga, wala mwenye kuutoa hakuwa mtu mdogo machoni pao. Walimkatalia. Cameron alivichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu, nao wakaendelea na mzigo wao. Hapa nasi tunayo maoni yetu: Susi na Chuma hawakuwa na ruhusa ya kubadili lililokatwa na wote kule Chitambo, hata kama aliyewashauri alikuwa mkubwa. Mara ngapi mwenyekiti wa tawi amekaa na afisa au mnunuzi dakika kumi, akatoka na shauri jipya ambalo kamati haikulisikia?

Mbele ya Tabora, huko Kasekera, maneno ya Cameron yalitimia. Wenyeji walikataa katakata maiti isipite. Basi jamaa wakautoa mwili katika mti wake usiku, wakaufunga upya kama mtumba wa nguo, wa kuchukuliwa na mpagazi mmoja kama mizigo mingine. Kisha wakafunga mabua ya mtama katika nguo, mfano wa maiti, na baadhi yao wakapewa kazi ya kuuchukua mzigo huo wa uongo kurudi Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika huko. Walipofika mbali wakayatupa mabua kidogo kidogo, wakarudi kwa kuzunguka mpaka wakawakuta wenzao. Fikirini kazi ya hao waliopewa mabua. Haina sifa, wala haionekani, na wakiropoka mmoja tu yote yameharibika.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Manowari ya Kiingereza ikauchukua mwili mpaka Unguja, na kutoka hapa ukapelekwa Uingereza. Huko waganga waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma na kuunga vibaya. Kwa hakika kazi ya Farijala ilikuwa imefanywa sawasawa. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster, London.

Aliyekuwapo mazikoni kati ya watu wa msafara ni Jacob Wainwright. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha. Wengine walilipwa ujira wao pwani wakaenda zao. Jacob alistahiki, hatubishi. Ila sisi tunaoshika kalamu yatupasa tuliangalie jambo hili vizuri, kwa sababu mwenye kuandika ndiye hutajwa, na aliyebeba mabua hatajwi. Katika chama hiki pia ripoti ya mwaka hujaa majina ya wenyekiti na makatibu. Akina mama wanaochambua makonyo na kuzikunja karafuu mvua inapotaka kunyesha hawamo, na katika kamati nyingi hawamo vile vile, ingawa hapana anayeijua hali ya karafuu jamvini kuwashinda wao.

Mtu atasema: hao walikuwa safarini, sisi tuko majumbani kwetu, na kamati zetu hukutana mara moja kwa mwezi. Ni kweli. Lakini fedha ya mwanachama aliyoitoa kununulia majamvi ni amana kama ule mtumba, na katika tawi tulilolitaja mwanzo imeshatosha kuwagombanisha majirani.

Kwa hiyo halmashauri yawaomba matawi yote yafanye hivi katika uchaguzi ujao. Msichague watu tisa kisha mkaondoka. Mkutano ule ule, mbele ya wanachama, kila aliyechaguliwa atajwe na kazi yake moja: wa mizani, wa daftari, wa fedha, wa magunia na majamvi, wa miche na vitalu, wa kupeleka khabari kwa wanachama wa mbali. Wa mizani asiwe wa daftari, na wa daftari asiwe wa fedha. Mtu apewe kazi anayoijua, si kazi inayolingana na heshima yake. Tawi lenye wanachama wengi ligawanye watu wake katika vikundi vya nyumba saba au nane kwa ajili ya zamu za ghala. Ghala lifunguliwe mbele ya watu, vitu viandikwe, na nakala moja ibandikwe mlangoni.

Karatasi za kujaza majina tumezipeleka kwa kila tawi pamoja na gazeti hili. Zina nafasi mbili, ya jina na ya kazi, na ile itakayokuja nafasi moja ikiwa tupu tutairudisha. Zitufikie wiki mbili kabla ya mkutano mkuu, inshallah.

Katibu wa Chama