Hapakuwahi kuwa na nusu mtu

Ndugu msikilizaji, leo naanza kwa kuomba radhi. Juma lililopita, nikizungumzia nyayo za kale za Laetoli, nilisema kwamba ziliachwa na kiumbe aliyekuwa nusu mtu, nusu nyani. Maneno yalinitoka kirahisi, nikayaona matamu, nikaendelea na habari nyingine. Sijatoka studio, simu ikalia. Alikuwa mwalimu mstaafu wa baiolojia, msikilizaji wetu wa siku nyingi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo nusu umeipima kwa mizani gani?"

Sikuwa na jibu. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, si ya sayansi. Jumamosi nikaenda kwake, na haya ndiyo niliyotoka nayo.

Alianza na neno fenotaipu, lililotungwa na mtaalamu wa Denmaki, Wilhelm Johannsen, mwaka 1909. Maana yake ni yale yote ya kiumbe yanayoweza kuonekana au kupimwa: kimo, rangi, umbo la pua, hata kundi la damu. Jeni ulizorithi kwa baba na mama ni jambo jingine. Jeni huchangia kuijenga fenotaipu, lakini chakula, maradhi na mazingira nayo yana mkono wake. Mbegu za mahindi za gunia moja, ukizipanda nyingine penye mbolea na nyingine penye kokoto, mimea yake haitalingana.

Tena fenotaipu huficha mambo. Baba ana damu ya kundi A, mama naye A, mtoto anazaliwa na kundi O. Nyumba ngapi zimewaka moto kwa jambo hilo, na mama wa watu hana kosa! Kila mzazi anaweza kuwa amebeba jeni ya A pamoja na jeni ya O iliyojificha nyuma yake. Mtoto akirithi O kwa baba na O kwa mama, basi kundi lake ni O. Mwalimu anasema aliwahi kuitwa kusuluhisha shauri la namna hiyo, akaenda na chaki mfukoni.

Sasa turudi Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Nyayo zile ziligunduliwa mwaka 1978 na kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Leakey, na umri wake ni kiasi cha miaka milioni 3.66. Jivu la volkano lilianguka, mvua ikalilowesha, viumbe wakapita juu yake, likakauka na kuwa gumu kama saruji, kisha jivu jingine likazifunika nyayo. Jeni za waliopita hazikusalia. Tulichonacho ni fenotaipu tu, tena kipande chake. Kidole gumba cha mguu kimelala sambamba na wenzake, wala hakikujitenga pembeni kama cha sokwe. Kisigino kimekita chini barabara. Mwenye nyayo alitembea wima.

Wataalamu wengi wanaamini waliopita pale ni wa jamii moja na yule aitwaye Lucy, ambaye mifupa yake ilipatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Nyonga na goti lake ni vya kiumbe aendaye kwa miguu miwili. Lakini mikono ni mirefu, vidole vimepinda kama vya mpanda miti, na ubongo wa jamii yake ulikuwa kama theluthi moja ya wetu. Huyo ndiye aitwaye kiumbe wa mpito: sifa za kale na sifa mpya zimekaa katika mwili mmoja. Hazikuchanganywa sawasawa kama chai na maziwa. Miguu ilitangulia, ubongo ukaja kukua baadaye sana.

"Na yeye hakujua kwamba yumo njiani kwenda popote," akasema Mwalimu. Alikula, akazaa, akawakimbia wanyama wakali. Alikuwa mzima kwa maisha yake. Neno mpito tumempa sisi tunaotazama nyuma. Wala si lazima awe babu yetu hasa. Huenda ni ndugu wa babu. Na sokwe wa leo si babu yetu hata kidogo, ni binamu.

Nikamwuliza mbona neno nusu limemuudhi kiasi kile. Akakaa kimya, kisha akanisimulia habari za Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo. Mwaka 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, na maelfu ya watu wakaja kumtazama. Wapo waliosema ndiye kiungo kati ya nyani na mtu. Walikitazama kimo chake kifupi na meno yake yaliyochongoka, wakatoa hukumu. Meno yale hayakutoka katika jeni yoyote. Yalichongwa kwa mila ya kwao, kama wengine wanavyotoga masikio. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga, akatolewa. Mwaka 1916, akiwa Lynchburg, Virginia, alijipiga risasi.

Kipindi cha juma lililopita kilipangwa kurudiwa Jumatano. Nimeomba kiondolewe, yasomwe haya.