Kwa Nini Dawa Tatu? Hesabu ya Makosa Katika Virusi vya UKIMWI

Kila kiumbe hurithisha sifa zake kwa kunakili. Seli inapogawanyika, maelekezo yote yaliyomo katika DNA yake hunakiliwa upya, herufi kwa herufi, na kila seli mpya hupata nakala yake. Kazi hii hufanywa na vimeng'enya. Katika seli zetu viko pia vimeng'enya vinavyosahihisha, mfano wa mwalimu anayepitia daftari na kurekebisha tahajia. Kwa sababu hiyo seli ya binadamu hukosea takriban herufi moja tu katika kila herufi bilioni moja, au hata chini ya hapo.

Kirusi cha UKIMWI hakina msahihishaji wa namna hiyo. Urithi wake ni uzi mfupi wa RNA wenye herufi zinazokaribia 10,000. Kinapoingia katika seli ya kinga ya mwili, kimeng'enya chake huinakili RNA hiyo kuwa DNA, kisha DNA hiyo hupachikwa katika urithi wa seli yenyewe. Katika kunakili huko hutokea kosa moja hivi katika kila herufi 30,000. Maana yake ni kwamba katika kila nakala tatu, moja hivi huwa na kosa.

Makosa mengi ni hasara kwa kirusi chenyewe, kwani nakala iliyoharibika haiwezi kuzaa. Mengine hayana athari yoyote. Lakini machache hubadili umbo la mahali ambapo dawa hushika, na hapo ndipo penye hatari.

Hebu tufanye hesabu. Katika mwili wa mgonjwa asiyetumia dawa, virusi vipya vipatavyo bilioni 10 huzaliwa kila siku. Tuseme, kwa mfano, kwamba ni kimoja tu katika kila 100 kinachofaulu kuingia katika seli mpya na kunakiliwa. Hizo ni nakala milioni 100 kwa siku. Tukichagua herufi yoyote moja katika urithi wa kirusi na kugawanya milioni 100 kwa 30,000, tutaona kwamba herufi hiyo hukosewa zaidi ya mara 3,000 kila siku. Kwa hiyo kirusi kinachoweza kuistahimili dawa fulani kwa badiliko la herufi moja huenda kimekwisha kuzaliwa kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza.

Jambo hili lafaa lizingatiwe sana. Dawa haikifundishi kirusi kuwa sugu, wala kirusi hakina akili ya kujihami. Dawa huua uzazi wa virusi vya kawaida na kuwaachia uwanja wale wachache waliokwisha kubadilika. Huo ndio uteuzi asilia, nao hapa hutendeka kwa majuma badala ya maelfu ya miaka.

Historia imethibitisha hayo. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1987. Kufikia mwaka 1989 wanasayansi walikuwa wametangaza kwamba virusi sugu vimepatikana kwa wagonjwa walioitumia kwa miezi kadhaa. Kadhalika, mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kampala, Uganda: dozi moja ya nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na moja kwa mtoto mchanga, ilipunguza maambukizi ya watoto kwa karibu nusu ikilinganishwa na AZT ya muda mfupi. Yalikuwa mafanikio makubwa yaliyookoa watoto wengi. Hata hivyo, baadaye virusi sugu vilionekana kwa baadhi ya akina mama hao, ingawa kila mmoja alikuwa amepewa dozi moja tu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tuzidishe sasa. Ikiwa kila dawa hushindwa kwa badiliko la herufi moja, uwezekano wa nakala moja kupata mabadiliko mawili yanayotakiwa kwa pamoja ni 1 katika milioni 900. Kwa nakala milioni 100 kwa siku, jambo hilo hutokea mara moja katika siku tisa. Kwa mabadiliko matatu, uwezekano ni 1 katika trilioni 27, yaani mara moja katika siku 270,000, ambazo ni zaidi ya miaka 700. Aidha, dawa tatu kwa pamoja huzuia uzazi wenyewe wa virusi, na pasipo kunakili hapana makosa. Ndiyo maana tangu mwaka 1996 tiba ya dawa tatu iligeuza ugonjwa uliokuwa ukiua kuwa ugonjwa ambao mtu huweza kuishi nao miaka mingi. Siku hizi tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri hupatikana katika kidonge kimoja cha kila siku.

Lakini hesabu hiyo ni kweli kwa sharti moja: dawa zote tatu ziwepo mwilini wakati wote. Mgonjwa anayemeza leo na kuacha kesho hukipa kirusi nafasi ya kuzaa huku dawa ikiwa kidogo. Badiliko la kwanza huteuliwa, kizazi chake huongezeka, kisha ndani yake hutokea la pili, na baadaye la tatu. Ukuta uliokuwa haurukiki huwa umegeuzwa ngazi. Na hata virusi visipoonekana tena katika damu, DNA yao imo bado ndani ya baadhi ya seli. Tiba ikiachwa, uzazi huanza upya.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii waifanye wenyewe. Wachukue nakala milioni moja tu kwa siku badala ya milioni 100, kisha watafute ni siku ngapi zitapita kabla ya kutokea kirusi chenye mabadiliko mawili. Jibu litawaonyesha kwa nini waganga husisitiza kwamba tiba ianze mapema, na kwa nini saa ya kumeza dawa isipuuzwe.