Kura, Kidole na Sauti: Msamiati wa Uchaguzi katika Kiebrania na Funzo Lake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa uchaguzi katika Kiebrania cha kisasa, lugha ambayo ililazimika kutafuta istilahi za siasa katika maandiko yake ya kale. Tunaonyesha jinsi maneno ya hekaluni yalivyohamia kwenye kituo cha kupigia kura, na jinsi baadhi yake yalivyo na nasaba na maneno tunayoyatumia katika Kiswahili. Hatimaye tunaeleza ni kwa nini tofauti ndogo ya istilahi yaweza kuamua nani atakayekalia kiti.

1.0 Utangulizi

Kila uchaguzi unapokaribia, mwanafunzi wa Kiswahili huulizwa maswali ambayo hakuyatarajia. Jirani anataka kujua tofauti iliyopo baina ya kura iliyoharibika na kura iliyokataliwa. Rafiki anayesomea sheria anataka neno moja litakalosimama badala ya sentensi nzima ya Kiingereza. Tukisitasita kidogo tu, huzuka mwenye kutangaza kwamba Kiswahili hakijakomaa kiasi cha kubeba mambo mazito ya dola, na kwamba dawa ni kukopa.

Dai hili si geni, wala Kiswahili si lugha ya kwanza kulikabili. Kiebrania kilikabiliwa na dai lilo hilo, tena kikiwa katika hali ngumu kuliko yetu. Kwa hivyo yafaa tuchungulie ua wa jirani tuone alivyolijenga lake. Jirani huyu ni wa damu kwa kiasi fulani, kwani Kiebrania na Kiarabu ni lugha za Kisemiti, na Kiarabu ndicho kilichotupa sehemu kubwa ya maneno tuliyoyakopa.

2.0 Usuli mfupi

Kiebrania kilikoma kuwa lugha ya mazungumzo ya kila siku takriban mwaka 200 B.K., kikabaki kuwa lugha ya sala, maandishi na mijadala ya wanazuoni. Mwishoni mwa karne ya 19 kilianza kufufuliwa. Eliezer Ben-Yehuda, ambaye hutajwa sana katika harakati hizo, aliwasili Palestina mwaka 1881. Kamati ya lugha iliundwa mwaka 1890, na mwaka 1953 Akademia ya Lugha ya Kiebrania ikachukua nafasi yake kisheria. Nasi tunazo asasi za aina hiyo: kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na BAKITA iliyoanzishwa nchini Tanzania mwaka 1967.

Waliokifufua Kiebrania walijikuta na lugha iliyokuwa na maneno tele ya sadaka, mavuno na talaka, lakini isiyokuwa na neno la mgombea wala la sanduku la kura. Hata hivyo, tarehe 25 Januari 1949 taifa la Israeli lilifanya uchaguzi wake mkuu wa kwanza, na ukaendeshwa kwa Kiebrania. Maneno hayo yalitoka wapi?

Kabla ya kuendelea, msomaji azingatie kwamba mofolojia ya Kiebrania, sawa na ya Kiarabu, hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti ambazo aghalabu ni tatu. Irabu na viambishi ndivyo huleta maneno mbalimbali kutokana na mzizi mmoja. Katika makala haya “kh” isomwe kama katika neno “kheri”.

3.0 Kuchagua na kukusanyika

Neno la msingi ni “bekhirot”, yaani uchaguzi. Limetokana na mzizi b-kh-r, wenye maana ya kuchagua, na umbo lake ni la wingi: uchaguzi mmoja huitwa “chaguo nyingi”. Katika Agano la Kale mzizi huu hutumika sana Mungu anapokuwa mtendaji, kwa kuwa yeye ndiye achaguaye mahali, taifa au mfalme. Katika Kiebrania cha kisasa mtendaji amebadilika, akawa mwananchi. “Bokher” ni mwenye kuchagua, “nivkhar” ni aliyechaguliwa, na “nivkheret” ni timu ya taifa, ambayo nasi huiita timu teule.

Hapa Kiswahili kimefuata njia iyo hiyo. Kutokana na kitenzi “chagua”, ambacho ni chetu wenyewe, tumepata uchaguzi na mchaguzi. Wahenga nao hawakuliacha jambo hili bila onyo: mchagua nazi hupata koroma.

Wanaochaguliwa huketi katika “Knesset”, bunge lenye viti 120. Mzizi wake, k-n-s, una maana ya kukusanya. Idadi hiyo haikuokotwa njiani, kwani mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia habari za Baraza Kuu la kale, “Knesset ha-Gdola”, lililokuwa na wajumbe 120. Sinagogi nayo huitwa “beit knesset”, nyumba ya kukusanyikia. Kiaramu kilikuwa na neno la mzizi huo huo kwa mahali pa kukutania waumini. Likaingia Kiarabu, na kutoka Kiarabu likatufikia sisi likiwa “kanisa”. Kwa hivyo Mswahili anayekwenda kanisani Jumapili na mbunge anayekwenda kikaoni Yerusalemu hutaja neno moja katika asili yake.

4.0 Sanduku, kidole na sauti

Sehemu hii ndiyo yenye utajiri zaidi. Sanduku la kura kwa Kiebrania huitwa “kalpi”, na mara nyingi neno hilo hutumika pia kwa kituo chenyewe. Asili yake ni neno la Kigiriki la mtungi. Liliingia Kiebrania zamani, nalo limo katika Mishna, mkusanyiko wa sheria simulizi za Kiyahudi uliokamilishwa takriban mwaka 200 B.K. Katika sura zinazohusu Siku ya Upatanisho, “kalpi” ni chombo ambamo kuhani mkuu alitia mikono akatoa kura mbili: moja ya mbuzi wa Bwana, nyingine ya mbuzi wa Azazeli. Waliohitaji jina la sanduku la kura walilikuta chombo hiki katika maandiko, wakakipa kazi mpya.

Kitenzi cha kupiga kura ni “hitsbia”, mpiga kura ni “matsbia”, na tendo lenyewe ni “hatsbaa”. Yote yametokana na “etsba”, yaani kidole. Mwanafunzi anayeinua kidole darasani ili aulizwe hutumiwa kitenzi hicho hicho. Mishna ina kisa kinachohusiana nalo. Hapo awali makuhani waliotaka kazi ya kuondoa majivu madhabahuni walishindana kukimbia, na aliyetangulia akapewa. Wawili walipofika sawia, msimamizi aliwaamuru makuhani watoe vidole, vikahesabiwa ili mmoja apatikane. Kisha siku moja wawili wakawa sako kwa bako katika mbio hizo, mmoja akamsukuma mwenzake, naye akaanguka akavunjika mguu. Mahakama ilipoona kwamba ushindani umefikia hatari, iliamuru kazi hiyo igawanywe kwa kura.

Kisa hiki chastahili kutafakariwa na Mkenya yeyote anayekumbuka miezi iliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Utaratibu wa kura, katika masimulizi haya, ulizaliwa baada ya mtu kuumia.

Karatasi inayotiwa sandukuni huitwa “petek”, neno jingine la asili ya Kigiriki lililopitia Talmud. Mpiga kura wa Israeli hatii alama. Huchagua kipande cha karatasi chenye herufi za chama, akakitia katika bahasha. Herufi hizi nazo zina ushawishi wake. Chama cha Leba kimetumia kwa miaka mingi herufi zinazosomeka “emet”, yaani ukweli. Na Kadima ilipojitokeza katika uchaguzi wa 2006 ilitumia “ken”, yaani ndiyo. Msomaji wetu atakumbuka kura ya maoni ya 2005 nchini Kenya, ambapo ndizi ilisimama badala ya “ndiyo” na chungwa badala ya “la”. Sisi tulitumia tunda, wao hutumia herufi.

Kura moja, inapohesabiwa, huitwa “kol”, yaani sauti. Kiarabu kadhalika huita kura “sawt”, ambalo kwetu ni sauti, ila Kiswahili kilichukua maana ya sauti ya koo peke yake. Isitoshe, “kol” ina nasaba na neno la Kiarabu lililotupa “kauli”.

Sisi tulichukua “kura” kutoka neno la Kiarabu “qur'a”, ambalo maana yake ni bahati nasibu. Ndiyo maana watoto wakitaka kujua nani aanze mchezo hupiga kura, na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili hukuta mitume wakipiga kura ili kumpata wa kuziba pengo la Yuda. Hivyo basi Kiswahili na Kiebrania, kila kimoja kwa njia yake, vimechota kutoka chombo kimoja. Wao walichukua sanduku la bahati nasibu. Sisi tulichukua bahati nasibu yenyewe. Lakini kuna tofauti ya kuzingatia: mpiga kura wa kale alimwachia Mungu au bahati uamuzi, ilhali wa leo ndiye mwamuzi. Neno limebaki, dhana imepinduka.

5.0 Mgombea, chama na kura ya maoni

Mgombea huitwa “moamad”, kutokana na mzizi wa kusimama. Ni mtu aliyesimamishwa. Kiswahili nacho husema kuwa chama kimemsimamisha fulani. Hata hivyo, “mgombea” wetu hubeba ugomvi ndani yake, na “mwaniaji” hubeba kuwania. Haya ni maneno ya uwanja wa mapambano.

Kwa upande wa chama mambo ni kinyume. Kiebrania husema “miflaga”, kutokana na mzizi p-l-g wa kugawanya, ambao pia umo katika jina la Pelegi wa Kitabu cha Mwanzo, ambaye katika siku zake nchi iligawanyika. Chama kwao ni mgawanyiko. Kwetu chama ni watu waliokutana kwa lengo moja. Msomaji na aamue mwenyewe ni lugha ipi iliyosema kweli kuhusu vyama vya siasa.

Kura ya maoni huitwa “mishal am”, yaani kuwauliza watu. Mzizi wake ndio uliozaa jina la mfalme Sauli, “aliyeombwa”, na una nasaba na mzizi wa Kiarabu uliotupa “swali” na “suala”. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli watu wanaomba mfalme, kura inapigwa, na Samweli anamtangaza Sauli kuwa aliyechaguliwa na Bwana. Kuuliza, kura na kuchagua vimekutana katika kisa kimoja.

6.0 Halali na batili

Tumefika penye uzito. Kura inayokubalika kwa Kiebrania ni “kol kasher”, na isiyokubalika ni “kol pasul”. “Kasher” ndilo neno litumikalo kwa chakula kinachoruhusiwa kidini, na “pasul” hutumika kwa shahidi asiyekubalika au kwa gombo la Torati lenye kasoro. Asicheke Mswahili, maana yeye husema “kura halali”, na neno halali ndilo analolitafuta penye bucha.

Katika uchaguzi wa Israeli viti hugawanywa kwa uwiano wa kura halali pekee. Chama sharti kipate asilimia 3.25 ya kura hizo. Kiwango hiki kiliwekwa mwaka 2014, na kabla ya hapo kilikuwa chini zaidi. Huitwa “akhuz ha-khasima”, asilimia ya kuzuia. Mzizi wake ndio utumikao katika Kumbukumbu la Torati pale inapokatazwa kumfunga ng'ombe kinywa anapopura nafaka. Chama kisichofikia kiwango hufungwa kinywa. Mnamo Novemba 2022 chama cha Meretz kilikosa viti vyote kwa upungufu wa kura elfu nne hivi. Katika hali kama hiyo, swali la ni kura ipi ihesabiwe huwa swali la uhai.

Sisi tulifikishwa hapo mwaka 2013. Kifungu cha 138 cha Katiba ya Kenya kinamtaka rais mteule apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07. Je, kura iliyokataliwa ni “kura iliyopigwa”? Kisarufi, mtu aliyetia alama kwa wagombea wawili amepiga kura. Kitenzi hakina kosa. Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa zisihesabiwe. Iliwabidi majaji waitafute katika tafsiri sifa ambayo sheria ya Israeli huitamka waziwazi: halali.

Turudi basi kwa jirani yetu wa mwanzo. Katika kanuni za uchaguzi za Kenya, karatasi iliyoharibika ni ile ambayo mpiga kura amekosea bila kukusudia kabla ya kuitia sandukuni. Huirudisha akapewa nyingine. Kura iliyokataliwa ni ile iliyokwisha kuingia sandukuni na kuonekana batili wakati wa kuhesabu. Vyombo vya habari huziita zote “kura zilizoharibika”. Matokeo yake, mama aliyekosea alama kwenye kibanda huamini kwamba kura yake imekwisha potea, akaitumbukiza vivyo hivyo, ilhali alikuwa na haki ya karatasi ya pili. Hapo upungufu wa istilahi umempokonya mwananchi sauti yake.

7.0 Hitimisho

Kiebrania hakikukataa kukopa. Kiti cha bungeni huitwa “mandat”, na maneno kama “koalitsia” na “opozitsia” yamezoeleka. Akademia ilipendekeza “bekhirot makdimot” kwa kura za mchujo, lakini watu wengi bado husema “praimeriz”. Sisi tuna “mchujo” na “upinzani”, na katika hili tumewatangulia.

Funzo, kwa hivyo, si kwamba kukopa ni aibu. Funzo ni kwamba ghala lifunguliwe kwanza kabla ya kwenda dukani. Neno “halali” limo ghalani, “batili” limo, “kukataliwa” na “kuharibika” yamo pia. Kinachokosekana ni kuyatenganisha matumizi yake na kuyafundisha kabla ya siku ya kupanga foleni. Kazi hiyo haimsubiri mwanasheria peke yake. Ni kazi ya mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili, na uchaguzi ujao hautatungoja.